Mlima Uliopigwa kwa Kamera ya Pasipoti

Mume wangu hajui kudanganya, na hilo ndilo lililonitia shaka mapema. Mtu aliyezoea uongo hukupa uongo uliokamilika, wenye kichwa na miguu, ukaumeza na maji. Wa mume wangu huja vipandevipande. Siku aliporudi kutoka mlimani, majivu yamemjaa mpaka kwenye nyusi, nilimuuliza swali moja tu: picha zimetoka? Akajibu, "Zimetoka. Usihangaike nazo sana, ziko safi." Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja, na hajawahi hata siku moja kuniambia picha zake ziko safi.

Kazi yetu ni hii. Tuna studio ya vyumba viwili, katikati ya duka la viatu na kinyozi. Chumba cha mbele ni chake: kiti kisicho na mgongo, pazia la bluu, taa mbili, stendi ya kamera, na alama za utepe mwekundu sakafuni alizozibandika mwaka huu ili kiti na stendi visihame mahali pake. Chumba cha nyuma ni changu: kompyuta, printa na meza ndefu. Yeye anapiga, mimi nasafisha. Naondoa chunusi, jasho, kamba ya sidiria iliyochungulia, na nikiombwa kwa adabu naondoa hata kidevu cha pili. Yeye watu wanamwita Tulia, kwa sababu ndilo neno analolisema kabla ya kubonyeza, na akilisema hata bwana harusi mwenye mashetani yake anatulia. Mimi wananiita Mama Studio. Nikiwa sipo wananiita Mama Mdomo, na najua aliyeanzisha ni kinyozi.

Kamera yake kubwa ina mkwaruzo ndani, mahali pasipofikika kwa kitambaa. Kila picha inayotoka humo ina doa dogo kona ya juu kulia, saizi ya punje ya mchele. Nimelifuta doa hilo mara nyingi kuliko nilivyosugua sufuria zangu, mpaka nikalipa jina: Wifi. Haalikwi, lakini kila harusi yumo, na amesimama palepale anapoonekana.

Basi, mlima. Ulikuwa umelala tangu kabla sijazaliwa. Wanafunzi walikuwa wakiupanda kwenda kula mikate yao na kuandika majina kwenye mawe. Jumapili ukaanza kutoa moshi, Jumatatu alfajiri ukalipuka. Sisi tuko mbali nao, mwendo wa saa tatu kwa gari, lakini vioo vya madirisha vilitetemeka na viatu vya jirani vikaporomoka kutoka rafuni. Tulia hakuweza kukaa. Mabasi yalikuwa yamesitishwa, lakini saa sita mchana akapata lifti kwenye pikapu ya mboga iliyokuwa inakimbilia mavuno kabla hayajafunikwa na majivu. Alibeba kamera mbili: ile kubwa, na ile ndogo ya akiba tunayopigia picha za pasipoti, ambayo yeye huiita kijiko cha plastiki na hajawahi kuishika bila kusonya.

Jumatano akarudi. Alipoingia kuoga, nikaketi na kadi yake ya picha.

Picha zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa nzuri. Ya saba ilinisimamisha kwenye kiti. Mchana umegeuka giza kwa majivu, na katikati ya giza hilo mto wa moto unashuka mlimani, mwekundu pembezoni, mweupe katikati, umepinda mara moja tu kabla ya kufika barabarani. Juu yake wingu limejikunja na kujikunjua, na ndani ya wingu radi imepasua mstari mmoja. Chini, karibu kabisa na aliyepiga, kuna nyumba ya bati. Mwanga wa moto umelala juu ya bati lake. Mlango uko wazi na hakuna mtu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya kompyuta.

Nilipomaliza kulia nikakuza kona ya juu kulia ili nimfute Wifi. Wifi hakuwepo.

Nikapitia zote kumi na mbili. Hakuwepo. Nikafungua yale maelezo ambayo kamera huyaandika yenyewe nyuma ya kila picha, kamera gani, siku gani. Zote zilikuwa zimepigwa na ile ndogo, kijiko cha plastiki. Mtu anangoja maisha yake yote mlima ulipuke, halafu ukilipuka anaupiga kwa kamera ya pasipoti?

"Ile kubwa iliingia majivu," Tulia akasema akijifuta kichwa kwa taulo, kabla sijamaliza swali. "Ikagoma." Alikuwa anatazama sikio langu, si macho yangu.

"Pole yake," nikasema.

Ijumaa akampiga picha mwanafunzi wa ukunga kwa kamera ileile iliyogoma. Wifi akarudi kazini, kona ya juu kulia, mzima wa afya.

Nikiri hapa kwamba mimi nikishaanza kushuku sina breki. Lakini picha ni picha. Ile ya saba nilikuwa nimeshaitoa kwa ukubwa wa meza na kuiweka dirishani, kwa sababu ubaya wangu ulikuwa na mume wangu, haukuwa na mlima. Jumamosi akasimama mbele ya dirisha mwanamke mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akakaa pale mpaka kinyozi akatoka kumtazama. Alikuwa msimamizi wa ukumbi wa maonyesho wa mji. Aliitaka picha hiyo kwa ukuta mkubwa, ule unaomkabili mtu anapoingia. Akampa Tulia fomu ya kiapo: mimi ninayewasilisha picha hii naapa kwamba jina lililoandikwa hapa ndilo la mtu aliyeipiga. Irudishwe Ijumaa.

"Naomba muijaze kwa uangalifu," akasema. "Mwaka jana bwana mmoja aliapa kwa picha ya mwenzake. Tukagundua siku ya ufunguzi, ukumbi umejaa. Studio yake leo ni duka la simu."

Alisema kwa upole, wala hakuwa anatulenga sisi, lakini mimi nilisikia kila neno. Nikamtazama Tulia. Aliikunja fomu bila kuipitishia hata jicho, akaitia mfuko wa shati. "Nitaileta," akasema.

Mtu anayepewa karatasi kama ile asiisome ama ni mjinga ama anajua tayari kwamba ataandika uongo. Mume wangu si mjinga. Nilikuwa na siku sita. Kama picha si yake na akatia sahihi, basi jina lake, studio yetu na miaka kumi na tisa vingekwenda na maji, mbele ya mji mzima. Ilibidi nijue ukweli kabla kalamu haijagusa karatasi.

Jumapili nilikaa na ile picha kutwa nzima. Tulia ni mrefu, huinama kwenye kila mlango. Picha zake zote zinatazama watu kwa juu kidogo. Mimi najua vipara vya mji huu kuliko kinyozi. Hii ya saba ilikuwa imepigwa kutoka chini. Bati la nyumba lilikuwa juu ya jicho la aliyepiga. Tulia kupiga magoti hawezi, tangu aanguke jukwaani kwenye mahafali magoti yake hayakunjiki. Kwa hiyo aliyeshika kamera alikuwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni mfupi. Siku mbili zilizofuata niliwachukia watu wafupi wote. Mwalimu wa chekechea alikuja kuchukua picha zake, nikamhudumia kana kwamba ameniibia.

Jumatatu nilikuwa nampelekea chai chumba cha mbele. Alikuwa nyuma ya pazia la bluu, anaongea na simu kwa sauti ya chini.

"Usimwambie mtu," alikuwa anasema. "Hasa mke wangu. Akijua, nimekwisha." Akasikiliza kidogo. "Hapana, dada, usije hapa. Labda siku asipokuwepo."

Nikarudi na chai yangu. Niliinywa mwenyewe, nimesimama, ya moto vilevile, na sikuhisi ulimi wangu ukiungua.

Kumbe ni dada. Dada mfupi. Kitu pekee nilichokijua juu ya safari ile ni pikapu ya mboga, basi Jumanne nikafunga chumba changu, nikasema naenda kununua wino, nikaenda soko la jumla. Nikawauliza wapakuzi gari gani lilikwenda mlimani siku ya mlipuko. Wakacheka. Gari moja tu, wakasema, maana dereva mmoja tu ndiye mwenye kichwa kigumu kiasi hicho. Dada Gia. Pikapu ya kijani, pale kwenye nyanya.

Alikuwa ameketi kwenye usukani juu ya mito miwili na gunia lililokunjwa, ndipo aone barabara. Alipomaliza kuzima gari aliteremka kwa kushika mlango kwa mikono yote miwili. Nikampima kwa macho. Alinifika kwapani. Nikasema moyoni, nimefika.

"Wewe ndiye uliyempeleka mpiga picha mlimani?"

"Tulia? Ndiyo, mimi. Na wewe ni..."

"Mke wake."

Tabasamu lake likafifia. "Ah. Karibu, wifi."

"Wifi ya nani?"

"Yeye namwita kaka. Sasa wewe nikuite nani?"

"Niite unavyotaka. Picha alizipiga nani?"

Akageuka kutazama nyanya zake, akaondoa moja iliyopasuka, akafuta kidole kwenye suruali. "Muulize kaka."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ni dereva wa nyanya, wifi. Mambo ya picha siyajui." Akaanza kupanda tena garini, mguu mmoja juu, halafu akasita. "Ila nenda naye taratibu. Yule mtu ana mzigo."

"Mzigo gani?"

"Atakwambia mwenyewe."

Mzigo! Nilimtazama tumbo. Alikuwa amevaa shati pana la kiume, halisemi kitu. Nilirudi mjini nikihesabu miezi kwa vidole. Safari ya siku tatu haitoshi kwa lolote, lakini nani aliniambia ilikuwa safari yao ya kwanza? Mbele ya duka la viatu ndipo nilipokumbuka sijanunua wino.

Sikumwambia Tulia kitu. Nilipika, nilikula, nilimjibu salamu. Kila alichosema nilikigeuza kutazama upande wa pili. Akisema jua kali, natoka nje kuhakikisha. Niliumia sana siku zile, na nisiseme kwamba niliumia kwa ajili ya studio. Niliumia kwa sababu kulikuwa na mtu anayejua jambo la mume wangu na mtu huyo si mimi.

Alhamisi nikamtegea. Nilifikiri hivi: aliyepiga picha anajua kila kona yake, na aliyepewa anajua ya juujuu tu. Nikazichapa zote kumi na mbili kwa saizi moja, nikaongeza ya kumi na tatu, mlima mwingine wa moto niliounakili kutoka kalenda ya zamani, wa nchi ya baridi, una theluji kichwani na ziwa miguuni. Kama akidai na huo ni wake, basi ni mwizi, na mjadala umekwisha. Saa tisa alasiri nikageuza kibao cha mlangoni kikasomeka TUMEFUNGA.

"Njoo tufanye mazoezi," nikamwambia. "Kesho unapeleka fomu, watakuuliza maswali. Nieleze kila picha."

Aliketi kwenye meza yangu ndefu bila kupinga. Nikampa ya kwanza. Aliisogeza karibu, akainamisha kichwa upande, akaitazama kwa pembeni, namna ambayo kwa wiki nzima nilikuwa nimeiita aibu. "Hii ni mara tulipofika," akasema. "Moshi ulikuwa mwingi." Nikampa ya pili. Moshi ulikuwa mwingi vilevile. Nikampa ya kalenda.

"Hii niliisubiri sana," akasema. "Upepo ulikuwa unageuka."

Masikio yakanichemka. Theluji nyeupe pee, ziwa mbele yake, na mume wangu anadai aliusubiri upepo! Niliyatafuta maneno yote niliyoyaweka akiba tangu Jumatano. Lakini nilitaka amalize mwenyewe, nilitaka uongo utoke wote mpaka tone la mwisho, kwa hiyo nikameza mate nikasema, "Endelea." Nikanyoosha mkono kuchukua ya saba bila kutazama mezani, maana macho yangu yalikuwa yamemganda usoni. Nikamwekea mkononi.

Uso wake ukang'aa. "Hii sasa ndiyo yenyewe," akasema. "Ona mto ulivyoshuka. Ona ulivyopinda." Kidole chake kikafuata wekundu, kikateremka polepole. "Na hapa chini ndipo palipo nyumba."

Nikatazama kidole kilipo. Haikuwa picha ya saba. Ilikuwa picha ya mama yake, niliyoichapa asubuhi ileile kwa sababu aliiomba ya sebuleni, amevaa kilemba chekundu ambacho ncha yake imeshuka begani. Saizi ileile, karatasi ileile. Kidole cha Tulia kilikuwa kwenye kidevu cha mama yake mzazi, na alikuwa ananiambia ni nyumba.

Nilidhani ananitania. Nikasubiri acheke.

"Na mlango?" nikauliza.

"Mlango uko wazi," akasema, akagusa mdomo wa mama yake.

Ile hasira yote ilinitoka mara moja, nikabaki mtupu. Nikageuza uso upande, halafu nikajiuliza nauficha ili nani asiuone.

"Tulia," nikasema. "Unaona nini hapo?"

Aliisikia sauti yangu. Mkono wake ukatulia juu ya karatasi. "Umenipa nini?"

"Mama yako."

Aliiweka picha mezani, akaisukuma kidogo mbali naye.

"Katikati hakuna kitu," akasema. "Tangu mwaka jana. Pembeni naona, naweza kutembea, naweza kumimina chai. Nikitazama sikio lako nauona mdomo wako kidogo. Nikikutazama usoni, haupo."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kilichoondoka hakirudi. Kilichobaki atajaribu kukilinda."

Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwangu, moja baada ya jingine, na kila moja lilinichoma. Utepe mwekundu sakafuni. Jinsi alivyokuwa akiniambia "chagua wewe" kila tulipotakiwa kuchagua picha za harusi, nami nikamwita mvivu. Siku aliyopishana nami barabarani bila kunisalimu, nikamnunia siku mbili. Fomu aliyoitia mfukoni. Studioni alikuwa anafanya kazi kwa alama na mazoea, na kamera yenyewe ilikuwa inamtafutia uso wa mteja. Mlimani hapakuwa na utepe.

"Nilipiga mia mbili na ile kubwa," akasema. "Moshi uliichanganya, haikujua ishike nini, na mimi siwezi tena kuirekebisha kwa mkono. Dereva akaangalia nyuma ya kamera, akaniambia, kaka, zote ni ukungu. Nikazifuta. Nikakaa kwenye bampa la gari. Nilikuwa nakisikia kile kitu kinanguruma, mke wangu, nasikia joto lake hapa kwenye shavu, na sikioni. Naona wekundu tu, bila umbo."

"Ndipo ukampa kijiko cha plastiki."

"Ndicho anachoweza kukishika mtu yeyote. Nikamshika bega. Nikamuuliza moto uko wapi, akasema kushoto. Wingu? Juu yake. Kuna nini karibu yetu? Akasema nyumba, watu wameshakimbia, mlango uko wazi. Nikamwambia rudi nyuma, shuka kwenye mtaro, mpaka bati liwe juu ya macho yako. Akashuka. Radi ikapiga, akataka kubonyeza, nikamwambia bado. Nilikuwa nahesabu kati ya ngurumo na ngurumo. Nikamwambia tulia. Tulia. Sasa."

Alikuwa amenyoosha mkono mbele, vidole vimeshika bega la mtu asiyekuwepo.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikauliza. "Mgeni wa nyanya anajua, mimi sijui!"

"Yeye hakuambiwa, aliona. Na wewe ningekwambia, ungeanza kuniongelesha kwa upole." Akatikisa kichwa. "Hilo nisingeliweza."

"Upole!" nikapaza sauti mpaka nadhani kinyozi alisimamisha mashine yake. "Upole na nani? Mwaka mzima unatembea barabarani na magari huyaoni, unapanda mlima unaotapika moto, halafu upole! Nimekwenda kumtolea macho mwanamke wa watu sokoni. Nimempima tumbo! Nimemhesabia miezi! Mjinga mkubwa wewe, mrefu bure!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikaanza kulia, nikalia kweli, kwa sauti, nikamshika kichwa nikakibana kifuani. Nilimwonea huruma, nilimwonea hasira, nilimwogopea, na juu ya yote hayo nilijionea aibu. Wiki nzima nimemchunguza mtu huyu kila kona na sikuona kwamba haoni.

Baadaye akatoa fomu mfukoni, imekunjika na kupata alama ya jasho. "Inasemaje?" akauliza. Nikamsomea kiapo.

"Dereva hataki makuu," akasema. "Nimemwambia mara tatu picha ni yake, anasema yeye ni wa nyanya. Kwa hiyo tunaojua ni watatu, na mmoja hajali." Akaipapasa karatasi kwa kidole. "Nilitaka jina langu liwe pale, nisikufiche. Kwenye ule ukuta. Mara moja tu, kabla giza halijamaliza. Sasa sijui tena. Jaza wewe. Mimi mistari siioni."

Akanisukumia kalamu.

Niliichukua. Nawaambieni ukweli, nilitaka kuliandika jina lake. Niliiweka kabisa ncha ya kalamu kwenye karatasi. Nani angejua? Angesimama mbele ya ukuta ule, watu wangemshika mkono, na mimi ningesimama kando yake nimetulia. Ingekuwa picha yake ya mwisho kubwa, na radi ile aliihesabu yeye, hakuna mwingine aliyeihesabu. Lakini kuna mtu aliyeshuka mtaroni, moto unakuja, akasimama palepale kwa sababu ameambiwa tulia.

Nikamwambia naenda kuvuta hewa. Nikatoka na simu yake mpaka kwenye ngazi ya mbele, nikafunga mlango nyuma yangu, nikampigia Dada Gia.

"Kaka?"

"Mimi, wifi yako."

Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Ameshakwambia?"

"Ameshaniambia. Ya sokoni unisamehe, nitakuja kuomba radhi vizuri. Sasa hivi nataka jina lako kamili."

"La nini? Nimefanya kosa?"

"Hujafanya kosa. Umepiga picha."

"Wifi, nilibonyeza tu."

"Basi nipe jina la aliyebonyeza."

Alizima injini. Akalitaja jina lake herufi kwa herufi, taratibu, jinsi watu wanavyotaja majina yao kituo cha polisi. Nikaliandika kwenye kiganja. Niliporudi ndani Tulia alikuwa ameketi palepale, mikono juu ya meza, karibu na picha ya mama yake. Nikaandika jina la Dada Gia kwenye mstari wa mpiga picha. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ambayo fomu haikuulizia kitu. Nikaandika humo: akiongozwa na. Halafu nikaandika jina la mume wangu, lote kamili, lile ambalo hata jirani zetu hawalijui, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Tayari," nikasema. "Bado sahihi ya mwenye kuwasilisha."

"Nishike kidole," akasema.

Nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka mwanzo wa mstari. Akatia sahihi yake ile ndefu, ikatoka nje ya mstari, ikapanda, ikakata nusu ya maandishi yangu. Akafunika kalamu.

"Hujaniuliza nimeandika nini," nikasema.

"Si umeshaandika?"

"Ningeweza kuandika lolote, Tulia."

"Najua," akasema, akaanza kuitafuta miguu ya kiti chake ili ainuke.

Nikamkalisha. Nikavuta kiti changu karibu naye, nikamsomea fomu yote, kuanzia anwani ya ukumbi mpaka yale maandishi madogo ya mwisho ambayo hakuna anayeyasoma. Nilipofika kwenye jina la Dada Gia aliitikia kwa kichwa polepole. Nilipofika kwenye mstari uliofuata, akainua mkono.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.